Kuhamisha Blogu Kutoka Jukwaa Moja Hadi Jingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo waandishi wa blogu wa Kampala, Arua, Jinja na Busia huniuliza tena na tena, wachache kabla ya kuhama na wengi baada ya kuhama na kugundua kwamba kuna kitu kimeachwa nyuma. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na hali zisizo za kawaida. Ukiwa na haraka, soma kwanza sehemu ya anwani, kwa sababu kasoro za maandishi na picha hurekebishika hata baada ya mwaka mzima, lakini anwani ikipotea hupotea pamoja na wasomaji wake.

## Kabla ya kuamua

Kuhama jukwaa maana yake ni nini hasa?

Wengi hudhani kwamba blogu ni makala tu, na kwamba makala zikishafika upande wa pili kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba blogu ni makala na kurasa zake, picha, maoni ya wasomaji, lebo, anwani ya kila makala, na orodha ya watu waliojiandikisha kupokea makala mpya. Majukwaa mengi hukupa faili moja lenye makala na maoni, na vilivyobaki hukuachia mwenyewe. Mimi hukipima kila kihamo kwa jambo moja: mtu aliyehifadhi kiungo chako mwaka 2014, akikibofya leo, anafika kwenye makala ileile ikiwa na picha zilezile, au anakutana na ukurasa unaosema kwamba kitu hicho hakipo?

Je, nina sababu ya kutosha ya kuhama?

Ikiwa kinachokusumbua ni sura ya blogu, badilisha mandhari kwanza. Ikiwa ni uzito wa kufunguka, chunguza picha. Mwalimu mmoja wa Arua, ambaye huchapisha madokezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wa sekondari, alinijia akiwa ameshaamua kuhama kwa sababu wanafunzi wake walilalamika kwamba kurasa zinamaliza bando. Tulipoangalia pamoja tulikuta picha za ubao alizozipiga kwa simu, nyingine zikiwa na megabaiti 5 kila moja, na makala moja ilikuwa nazo kumi na mbili. Tulizipunguza jioni ile ile, blogu ikawa nyepesi, na hakuhama.

Sababu ninazoziona kuwa nzito ni hizi: unataka kuwa na mamlaka juu ya nakala ya kazi yako, mnaandika watu kadhaa na mnahitaji ngazi tofauti za ruhusa, unataka kuuza usajili, au jukwaa ulilopo limebadilisha masharti yake kwa namna isiyokufaa. Mtu mmoja anayeandika mara mbili kwa mwezi, asiye na fedha za kulipia seva, anaweza kubaki Blogger na kununua domeni yake tu, yaani jina lake mwenyewe la anwani mtandaoni, na akawa amefanya jambo la busara kabisa.

Majukwaa yanayotajwa sana yanatofautiana vipi?

Blogger ilianza mwaka 1999 na ikanunuliwa na Google mwaka 2003. Ni ya bure, haihitaji matunzo, na hukuruhusu kuunganisha domeni yako bila malipo ya ziada, lakini huna uwezo wowote juu ya seva yake.

WordPress, iliyoanza mwaka 2003, huwachanganya watu kwa sababu jina hilo lina mambo mawili. WordPress.com ni huduma inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ambayo hukuhifadhia kila kitu na kukutoza kulingana na mpango uliouchagua. WordPress ya WordPress.org ni programu huria ambayo unaipakua bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe, nayo ndiyo inayompa mwandishi uhuru mkubwa zaidi pamoja na kazi kubwa zaidi, kwa kuwa kusasisha, kulinda na kutunza nakala za akiba ni juu yako. Ghost, ya mwaka 2013, ni programu huria vilevile, nayo imejengwa kwa ajili ya makala na barua pepe za wasajili. Medium ya mwaka 2012 na Substack ya mwaka 2017 ni rahisi mno kuanza nazo, lakini sura na mpangilio wa kurasa unaupokea kama ulivyo.

Gharama zikoje, na nitalipaje nikiwa Uganda?

Anayejihifadhia blogu hana budi kulipia vitu viwili: domeni kila mwaka, na seva kila mwezi au mwaka. Kampuni nyingi za nje hutoza kwa dola, kwa hiyo bei kwa shilingi hupanda na kushuka pamoja na thamani ya dola. Usiangalie bei ya mwaka wa kwanza peke yake. Tafuta bei ya kuhuisha, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi na huandikwa kwa maandishi madogo. Asiye na kadi ya benki anaweza kutafuta kampuni ya hapa nchini inayopokea MTN MoMo au Airtel Money.

Gharama inayosahaulika ni data. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza kutozwa Julai 2018 kwa mitandao ya kijamii. Ukipakua gigabaiti kadhaa za picha na kuzipakia tena kwa simu, utazilipia mara mbili. Kwa bahati nzuri kuna njia ya kufanya seva mpya izichukue picha moja kwa moja kutoka seva ya zamani bila kupitia bando lako. Imeelezwa katika swali linalohusu picha.

Kazi yote huchukua muda gani?

Blogu ya makala mia moja huweza kuingizwa kwa saa moja. Kuikagua makala kwa makala huchukua siku kadhaa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

## Anwani

Anwani yangu inaishia na blogspot.com. Naweza kwenda nayo?

Hapana. Anwani hiyo ni mali ya Google, nawe umeazimwa tu. Unachoweza kufanya ni kuhama kwa hatua mbili, na tafadhali usiziunganishe kuwa moja.

Hatua ya kwanza, ukiwa bado Blogger, nunua domeni yako na uiunganishe na blogu ileile. Tangu siku hiyo Blogger yenyewe itawaelekeza wasomaji wa anwani ya zamani kwenye domeni yako, makala kwa makala, na Google itaanza kuitambua anwani mpya. Kaa hivyo miezi kadhaa. Hatua ya pili, ukishatulia, hamisha makala kwenye jukwaa jipya na uielekeze domeni huko. Wasomaji hawatahitaji kujifunza anwani nyingine kwa sababu anwani tayari ni yako.

Ukifika hatua hiyo ya pili, usiondoe domeni kwenye mipangilio ya Blogger. Anwani ya blogspot itaendelea kuwapeleka watu kwenye domeni yako, ingawa wengine wataonyeshwa kwanza ukurasa unaowauliza kama wanataka kuendelea. Ni afadhali ukurasa huo kuliko ukuta.

Nichague .ug, .co.ug au .com?

Ukiandikia wasomaji wa Uganda, .ug inasema wazi ulipo. Chini yake kuna .co.ug inayotumiwa zaidi na biashara na .or.ug inayotumiwa na mashirika; .go.ug na .ac.ug ni za serikali na vyuo. Ukiandikia Waswahili wa Afrika Mashariki nzima, .com haina mpaka. Uchaguzi huu si mzito kama watu wanavyoufanya. Kilicho kizito ni swali linalofuata.

Domeni yangu ilisajiliwa na aliyenitengenezea blogu. Kuna tatizo?

Lipo, na ningependa ulishughulikie kabla ya jambo jingine lolote. Lilinikuta mimi mwenyewe. Blogu yangu ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ndogo ambayo sitaitaja, na domeni ikasajiliwa kwa barua pepe ya mfanyakazi wao. Mfanyakazi akaondoka, notisi za kuhuisha zikawa zinamwendea yeye, na mimi nikaendelea kuandika bila habari. Asubuhi moja nilifungua blogu nikakuta ukurasa wa matangazo ya mtu nisiyemjua. Makala nilikuwa na nakala zake, nikazirudisha zote kwenye domeni nyingine. Anwani sikuirudisha kamwe, na barua za wasomaji waliokuwa wakinifuata tangu mwanzo zilikatika pale pale.

Kwa hiyo omba uonyeshwe domeni imesajiliwa kwa jina la nani na kwa barua pepe ipi. Ikiwa si zako, omba zibadilishwe, kisha omba msimbo wa idhini unaokuwezesha kuihamishia kwenye akaunti yako. Kwa domeni za .com kuna kizuizi cha siku 60 baada ya kusajiliwa au kuhamishwa, kwa hiyo anza mapema. Tumia barua pepe unayoifungua kila siku, na isiwe ya domeni ileile, kwa kuwa domeni ikizimika barua pepe hiyo nayo itazimika na hutapata notisi.

Uelekezaji wa 301 ni nini, na kwa nini kila mtu anausisitiza?

Ni jibu ambalo seva hulitoa kwa kivinjari, likimaanisha kwamba ukurasa huu umehamia kule kwa kudumu. Msomaji hahisi chochote, anafika tu. Google nayo hulielewa na huanza kuhamishia sifa za ukurasa wa zamani kwenye ule mpya. Liko pia jibu la 302 linalosema kwamba uhamisho ni wa muda. Usilitumie kwa kuhama, ingawa baadhi ya programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye jukwaa, huliweka bila kukuuliza. Google hushauri uelekezaji ubaki kwa mwaka mmoja angalau. Mimi husema uache milele, kwa sababu haugharimu kitu.

Anwani za makala zangu za Blogger zinaishia na .html. WordPress itaziweza?

Itaziweza, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hii, kwa kuwa dakika tano za mpangilio huokoa mamia ya viungo. Chukua anwani ya namna hii: /2016/08/bei-ya-kahawa-masaka.html. Ndani ya WordPress nenda kwenye Mipangilio, kisha sehemu ya viungo vya kudumu, uchague muundo wako mwenyewe na uandike /%year%/%monthnum%/%postname%.html. Tangu hapo WordPress itatengeneza anwani zenye mwaka, mwezi, jina na .html mwishoni, sawasawa na za Blogger.

Bado kuna mtego mmoja. Blogger hukata majina marefu. Makala yenye kichwa «Bei ya kahawa ya robusta Masaka na Mukono yapanda tena» huwa bei-ya-kahawa-ya-robusta-masaka-na.html, huku WordPress ikiachiwa itengeneze jina kutokana na kichwa italiandika lote. Programu-jalizi nzuri ya kuingiza makala za Blogger hulichukua jina kama lilivyokuwa. Hata hivyo fungua makala kumi zenye vichwa virefu uthibitishe kwa macho yako.

Muundo huo haugusi vitu vitatu, navyo vinahitaji kuelekezwa kimoja kimoja: kurasa za kudumu, ambazo Blogger huziweka chini ya /p/, lebo, zilizo chini ya /search/label/, na mlisho wa RSS, uliopo /feeds/posts/default ilhali WordPress huuweka /feed/. Ukiusahau mlisho, wasomaji wanaotumia programu za kusomea hawatakulalamikia. Watanyamaza tu, wakidhani umeacha kuandika.

Viungo vingine vina ?m=1 mwishoni. Nivifanye nini?

Hiyo ni alama ambayo Blogger huwawekea wanaosoma kwa simu, na kwa kuwa wasomaji wetu wengi hutumia simu, viungo vinavyozunguka WhatsApp mara nyingi huwa nayo. WordPress huweza kuichukulia kuwa ombi la makala za tarehe fulani, ikasema kwamba ukurasa haupo. Weka kanuni ya uelekezaji inayoiondoa alama hiyo, na hakikisha kwamba kanuni zako nyingine hazidai anwani ilingane herufi kwa herufi hadi mwisho.

## Maandishi, picha na maoni

Nitazitoaje makala kwenye jukwaa la zamani?

Kwa Blogger, tumia sehemu ya nakala ya akiba katika mipangilio au huduma ya Google Takeout. Utapata faili la Atom lenye makala, kurasa na maoni. WordPress hutoa faili la XML kupitia sehemu ya zana. Ghost hutoa faili la JSON, na Medium hutoa kifurushi cha kurasa za HTML.

Likishapakuliwa, liweke sehemu mbili tofauti, kwa mfano kwenye flashi na kwenye barua pepe yako. Kisha hesabu. Andika idadi ya makala inayoonyeshwa na jukwaa la zamani, na baada ya kuingiza uilinganishe na ya jukwaa jipya. Makala 412 zikiwa 398, usiendelee mpaka ujue zile 14 ziko wapi. Mara nyingi faili lilikuwa kubwa kuliko seva inavyokubali na kazi ikakatikia njiani.

Je, faili hilo lina picha zangu?

Halina, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Faili lina anwani za picha, si picha zenyewe. Baada ya kuhama picha zote huonekana vizuri, mwenye blogu hufurahi, kumbe bado zinatoka nyumba ya zamani. Siku akifuta blogu ya zamani, picha zote hutoweka kwa pamoja.

Ili ujue zako ziko wapi, fungua makala mpya, bonyeza picha kwa muda au kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na usome anwani yake. Ukiona blogger.googleusercontent.com au bp.blogspot.com, picha bado haijahama. Unapoingiza faili la WordPress kwenye WordPress nyingine, kuna kisanduku kinachouliza kama upakue na viambatisho, kitie tiki. Seva mpya itazichukua picha kutoka seva ya zamani yenyewe kwa yenyewe. Kwa wanaotoka Blogger zipo programu-jalizi zinazofanya kazi hiyo hiyo. Kwa njia hii blogu ya zamani inapaswa kuwa wazi na kufunguka wakati wote wa kazi.

Kwa nini «ng’ombe» sasa inaonekana «ngâ€™ombe»?

Swali hili huulizwa na Waswahili kuliko watu wengine wote, kwa sababu lugha yetu haiwezi kuishi bila ile alama ya juu katika ng’. Wengi huandika makala kwenye Word, ambayo hubadilisha alama ya kawaida iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Alama iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa herufi wa UTF-8. Seva ikizisoma kwa mfumo wa zamani, huzichukulia kuwa herufi tatu zinazojitegemea, na hapo unapata â€™ katikati ya ng’ombe, ng’aa na ng’ambo. Kwa wanaochanganya na Luganda, herufi ŋ hugeuka kuwa Å‹ kwa sababu hiyo hiyo.

Dawa inategemea mahali kosa lilipotokea. Fungua kwanza faili ulilolipakua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu. Ikiwa ng’ombe yuko salama ndani ya faili, kosa limetokea wakati wa kuingiza: futa ulichoingiza, hakikisha hifadhidata ya blogu inatumia mfumo wa herufi wa utf8mb4, kisha ingiza upya. Ikiwa ameharibika tayari ndani ya faili, tengeneza nakala, utafute â€™ na kuiweka ’ mahali pake katika faili zima, halafu ndipo uingize. Usiahidi kwamba utarekebisha makala moja moja baadaye. Nimeona blogu ambazo miaka mitano imepita na ng’ombe wake bado wana alama za fedha shingoni.

Na ikiwa makala zako zina emoji zilizogeuka alama za kuuliza, mfumo wa herufi wa hifadhidata huenda ni utf8 tupu. Katika MySQL mfumo huo hubeba baiti tatu tu kwa herufi, na emoji huhitaji nne.

Maoni ya wasomaji yatahama?

Kati ya Blogger na WordPress yatahama pamoja na majina na tarehe, ingawa picha ndogo za watoa maoni kwa kawaida hupotea kwa kuwa anwani zao za barua pepe hazimo kwenye faili. Medium na Substack hazina njia ya kuingiza maoni ya jukwaa jingine. Kabla ya kuhama futa maoni ya takataka. Hakuna haja ya kuyabebea nauli.

Na rasimu zangu?

Kagua hali ya kila moja mara tu baada ya kuingiza, kabla hujautangazia umma. Rasimu isiyokamilika iliyochapishwa kwa bahati mbaya huweza kukuletea fedheha, hasa ikiwa inataja watu.

Ninaandika kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Kuna la kuzingatia?

Lipo. Kila ukurasa hubeba alama ya lugha isiyoonekana na msomaji: sw kwa Kiswahili, lg kwa Luganda, en kwa Kiingereza. Jukwaa jipya huweka en kwa kila kitu usipolibadilisha, na matokeo yake ni kwamba vivinjari hujitolea kutafsiri Kiswahili chako kana kwamba ni Kiingereza kibovu, na programu zinazowasomea wasioona hukitamka kwa lafudhi isiyoeleweka. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Tukipe basi alama yake hata ndani ya msimbo.

## Siku ya kuhama

Nichague siku gani?

Chagua siku ambayo wasomaji wako ni wachache na wewe una saa kadhaa za umeme na intaneti ya kutegemewa. Epuka siku za karibu na uchaguzi. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari na ikarudi tarehe 18. Aliyekuwa katikati ya kuhamisha domeni wakati huo alibaki na blogu isiyo huku wala kule.

Siku mbili kabla, ingia kwenye mipangilio ya DNS ya domeni yako, yaani rekodi zinazoonyesha domeni iko kwenye seva gani, na upunguze thamani ya TTL hadi sekunde 300. Thamani hiyo ndiyo inayoiambia mitandao ikumbuke anwani ya seva yako kwa muda gani. Ikiwa ilikuwa 86400, yaani siku nzima, mabadiliko yako yatachelewa kiasi hicho kuwafikia wengine.

Mimi naiona blogu mpya, lakini rafiki yangu wa Mbarara anaiona ya zamani. Kwa nini?

Mtandao wake bado unakumbuka seva ya zamani. Subiri muda wa TTL upite. Kwa sababu hiyo usichapishe makala yoyote siku hiyo, la sivyo itaingia kwenye blogu moja tu.

Nimehamisha domeni na barua pepe yangu imekufa. Nimekosea wapi?

Ulibadilisha seva za majina zote badala ya rekodi ya tovuti peke yake, na rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe, hazikufuata. Rudi kwenye mipangilio ya zamani, nakili rekodi za MX na TXT zote, uziandike kwenye ile mpya. Ambaye hajahama bado azipige picha ya skrini kabla ya kugusa chochote.

Nifute blogu ya zamani sasa?

Hapana. Rejea maswali ya blogspot.com na ya picha uone sababu. Iache angalau mwaka mmoja, bila makala mpya.

## Baada ya kuhama

Wasomaji kutoka Google wamepungua. Nimeharibu?

Si lazima. Kushuka kwa wiki chache ni kawaida wakati Google inapopitia anwani upya. Ithibitishe blogu mpya katika Google Search Console, wasilisha ramani ya tovuti, na kila baada ya siku chache tazama orodha ya kurasa zisizopatikana. Hiyo ni orodha ya kazi yako: kila anwani iliyomo ielekeze mahali pake. Kama hazipungui baada ya miezi miwili, tafuta kosa katika muundo wa viungo.

Kagua pia mpangilio wa WordPress unaozizuia injini za kutafuta zisiorodheshe tovuti. Watu huuwasha wakati wa majaribio na kusahau kuuzima, nami nimewahi kutumia siku mbili nikitafuta kosa ambalo lilikuwa tiki moja tu.

Matangazo ya AdSense yatahama yenyewe?

Hapana. Ongeza domeni mpya kwenye orodha ya tovuti ndani ya akaunti yako, weka msimbo na faili la ads.txt, na usubiri ikubaliwe. Akaunti na salio vinabaki vilevile.

Naweza kuhamisha barua pepe za waliojiandikisha?

Kiufundi ni faili la CSV, na kuliingiza ni rahisi. Kisheria, hizo ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Watu hao walikubali kupokea makala zako, hawakukubali zaidi ya hapo. Waandikie kabla ya kuhama, uwaambie barua zitatoka wapi, uwape njia ya kujiondoa, na usiliache faili hilo kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti.

Je, Tume ya Mawasiliano inahusika?

Septemba 2020 Tume hiyo, kwa kifupi UCC, ilitoa tangazo likiwataka wanaochapisha mtandaoni kuomba idhini. Ikiwa unayo na iliandikwa kwa anwani ya zamani, wapelekee anwani mpya.

## Hali zisizo za kawaida

Makala zangu zote ziko kwenye ukurasa wa Facebook. Naweza kuzigeuza kuwa blogu?

Unaweza, na wengi waliliwaza hilo baada ya Facebook kufungwa nchini Januari 2021. Omba kupakua taarifa zako kutoka Facebook na uchague muundo wa HTML. Ule wa JSON huvuruga herufi kwa namna ileile iliyoelezwa katika swali la ng’ombe. Hakuna zana ya kuingiza ninayoiamini kwa kazi hii; chagua maandishi yanayostahili kudumu, uyanakili moja moja, na uyape tarehe zake za asili.

Jukwaa limeshafungwa na sikuwa na nakala. Kuna tumaini?

Nenda web.archive.org, hazina ya Internet Archive, uandike anwani yako ya zamani. Ukibahatika utakuta kurasa zako za miaka tofauti. Maandishi hupatikana zaidi kuliko picha. Anza na ukurasa wa orodha ya makala ili upate vichwa na tarehe, kisha fungua kimoja kimoja. Waulize pia wasomaji waliokuwa wakipokea makala kwa barua pepe. Bibi mmoja wa Jinja alimrudishia mwanawe makala zaidi ya sitini kwa kuwa hakuwahi kufuta hata moja.

Mwandishi amefariki na familia inataka blogu yake idumu. Tuanzie wapi?

Anzeni na domeni, kwa sababu ina tarehe ya kuisha na haitawasubiri mmalize matanga. Ilipieni kwanza, hata kama hamna nenosiri. Baadhi ya kampuni hupokea malipo ya kuhuisha kutoka kwa mtu yeyote. Kisha pakueni kila ukurasa unaoonekana hadharani, jambo lisilohitaji ruhusa ya akaunti. Ikiwa blogu ilikuwa Blogger, kumbukeni kwamba Google ilitangaza mwaka 2023 kuwa akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, kwa hiyo fuateni mapema utaratibu wao wa maombi ya akaunti ya marehemu, mkiwa na cheti cha kifo. Mkishapata faili, hamisheni makala kama ilivyoelezwa hapo juu, jina lake libaki kuwa mwandishi, tarehe zibaki zilezile, na sehemu ya maoni ifungwe kwa kuandikia lakini iachwe kwa kusoma.